Injini ya trekta la nyasi: waranti wamekataa, nitengeneze au ninunue mpya?

Kutoka: Baba Mapacha

Wanajumuiya, habari za jioni. Leo nimepata barua ya waranti. Wamekataa. Sababu ni mstari mmoja tu: "matumizi yasiyo ya nyumbani". Fomu ya madai inauliza mashine inakata viwanja vingapi, nami nikajaza 2 kwa sababu ndiyo kweli: cha kwangu, na kile cha jumuiya ninachokata kila baada ya wiki mbili bila kulipwa hata senti. Risiti za oili niliambatisha, picha ya mita ya saa niliambatisha, namba ya RMA (ile ya madai ya kurudisha bidhaa) ninayo. Hakuna aliyefungua hata boliti moja. Kilichokaguliwa ni karatasi.

Injini ni ya silinda moja, OHV (valvu ziko juu, kwenye hedi), krenki, yaani shafti inayozungusha visu, imesimama wima. Ikiwaka inatoa moshi mzito wa buluu, oili inapungua, na nikishusha visu kwenye nyasi inazima. Nifanye overholi, nifunge injini mpya kwenye fremu hiihii, au nitafute mashine nyingine kabisa? Nyasi zimefika magotini na mvua haijakatika.

Kutoka: Kijana wa Spana

Pole sana kaka. Moshi wa buluu ni ringi, hapo hakuna mjadala. Yangu niliipima kompresheni, geji ikasoma 60, nikajua imekwisha. Nunua mpya. Ukijumlisha pistoni, ringi, gasketi na kuchongesha silinda, unakaribia bei ya injini nzima.

Kutoka: Fundi Mstaafu

Kijana, mjadala upo, na usimtoe mwenzako pesa kwa kipimo kisichofaa. Injini hizi zina ACR, kipunguza kompresheni wakati wa kuwasha. Ukipiga stata, kidude kilicho kwenye kemshafti kinainua valvu kidogo ili stata isielemewe. Geji itasoma chini hata injini ikiwa mpya. Hiyo 60 yako haikukuambia kitu.

Kinachopimwa ni uvujaji. Baba Mapacha, toa ufunguo, chomoa waya wa plagi, toa plagi. Zungusha flaiwili kwa mkono mpaka pistoni ifike juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa. Zuia krenki isizunguke, maana upepo utaisukuma pistoni na visu vinaweza kugeuka. Usiweke mkono huko chini. Kisha ingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi, nyamaza, usikilize. Ukisikia unatokea ekzosti, ni valvu ya kutolea. Kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ukitokea kwenye tundu la kijiti cha oili, ni ringi au ni gasketi ya silinda hedi.

Hiyo gasketi ndiyo inayowaponza wengi. Ina kipande chembamba kati ya silinda na njia ya pushirodi, vile vijiti vinavyosukuma valvu. Kikiungua, presha ya silinda inapita hapo hadi tumboni mwa injini, inasukuma oili kwenye briza (njia ya injini kupumulia), oili inaingia kabureta na kuchomwa. Moshi wa buluu, oili inapungua, nguvu inakwisha: dalili zilezile za ringi. Tofauti ni kwamba gasketi unaibadilisha kwa siku moja na spana ya toku, ile ya kukaza boliti kwa kipimo.

Na kabla ya hayo yote: ulijaza oili kupita alama? Uliilaza mashine ubavu kuosha visu? Hayo nayo hutoa moshi wa buluu.

Kutoka: Kijana wa Spana

Mzee, shikamoo. Nilieleza yaliyonikuta, sikumlazimisha mtu. Injini mpya niliyofunga inafanya kazi hadi leo.

Kutoka: Fundi Mstaafu

Marahaba. Sijasema haifanyi kazi. Nimesema huenda ya zamani nayo ingefanya.

Kutoka: Mama wa Bustani

Anayefikiria injini mpya apime krenki kwanza. Mimi niliagiza kwa kutazama nguvu za farasi tu. Ilipofika, kipenyo kilikuwa inchi 1 kama ya zamani, lakini ya zamani ilikuwa na urefu wa inchi 3 na 5/32 na hii ilikuwa fupi. Puli ya mkanda wa visu ikakosa mahali pa kukaa. Ekzosti ilielekea upande wa tangi, na soketi ya nyaya za chaji haikuingiliana. Nilikaa chini pale gereji na puli mkononi, nikalia. Soma namba za modeli na za aina zilizogongwa kwenye injini yako, usisome stika ya boneti. Halafu tikisa visu: beringi zikicheza na kava la visu limeoza kwa kutu, injini mpya utaifunga kwenye maiti.

Kutoka: Katibu

Naomba turudi kwenye barua. Jumuiya inaweza kuandika kuthibitisha kwamba Baba Mapacha anajitolea. Barua iwe na tarehe na saa za kazi, naye akate rufaa kwa namba ileile ya RMA.

Kutoka: Mweka Hazina wa Zamani

Barua haitoshi. Mashine imekufa ikikata kiwanja chetu sote. Nilisema kwenye mkutano mkuu kwamba kamati inunue mashine ya jumuiya, nikaambiwa nachochea. Sasa mzigo umemwangukia mtu mmoja aliyejaza fomu kwa uaminifu.

Kutoka: Katibu

Hukuambiwa unachochea. Kumbukumbu za kikao ninazo.

Kutoka: Mama wa Bustani

Jamani, msigombane. Kinachonikaa moyoni ni kwamba nyumbani fundi angeifungua mbele yako, akakushikisha ringi iliyokatika, ukaamua mwenyewe. Huku ughaibuni unapewa mstari mmoja kwenye karatasi. Nimeishi huku miaka mingi na hilo bado sijalizoea.

Kutoka: Baba Mapacha

Asanteni. Katibu, barua nitaishukuru. Leo nimeazima kompresa kwa jirani nikafanya kama alivyoelekeza Mzee. Ekzosti kimya, kabureta kimya. Upepo unatokea kwenye tundu la kijiti cha oili, mkali, ukaupeperusha uzi niliouweka hapo. Oili iko kwenye alama. Je, ni ringi au gasketi?

Kutoka: Fundi Mstaafu

Fungua hedi. Tazama gasketi upande wa pushirodi: ukiona mstari mweusi umekatiza, umeshapata. Kisha shusha pistoni, pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda. Ukucha ukinasa, uniandikie kabla hujaagiza chochote.