Mtu anatafuna kuku wangu, sebuleni kwangu, ananiambia sina maadili ya Kanada!!

Mnyalu_Edmonton (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Mnisamehe kwa herufi kubwa zitakazonitoka, vidole vinatetemeka na si kwa sababu ya baridi.

Jina sitaji. Mnamjua. WOTE mnamjua. Yule Mheshimiwa wa Toronto anayeanza kila sentensi na "sisi tulio karibu na Ottawa". Toronto hadi Ottawa ni kilomita kama 450, yaani mtu wa Kinondoni ajiite jirani wa Bunge la Dodoma. Tuyaache hayo.

Leo tarehe 9 Machi 2025 chama cha Liberal, chama tawala hapa Kanada, kimetangaza kiongozi mpya, baada ya Waziri Mkuu Trudeau kusema Januari kwamba anang'atuka. Nikaita Wabongo wachache tuangalie pamoja. Mheshimiwa yupo mjini kwa harusi ya mpwa wake. Sikumwalika! Kaja na mwalikwa, kachelewa saa nzima, kasingizia saa zimesogezwa usiku. Zimesogezwa kwa sisi sote, Mheshimiwa, mbona wengine tulifika? (Najua, mimi nilikuwa nyumbani. Hoja iko palepale.)

Mke wangu kapika kuku wa nazi, watatu. Mheshimiwa peke yake kashughulikia mmoja na nusu. Mifupa ninayo, nimeihifadhi kama kielelezo.

Basi, wanatangaza: Mark Carney, asilimia 85.9. Watu makofi. Mimi nikasema neno moja tu, la amani kabisa: "Safi, mtoto wa Edmonton huyo." Uongo? Kazaliwa Fort Smith kule juu kaskazini, lakini kakulia hapahapa Edmonton. Na Chrystia Freeland, mshindi wa pili, kwao ni Peace River, Alberta hiihii. Wagombea wanne, wawili wa juu wote wa kwetu.

Mheshimiwa akageuka taratibu. Paja la kuku mkononi. Paja LANGU. Akasema:

"Wewe mtu wa Alberta maadili ya Kanada huna, usituchagulie kiongozi."

Halafu AKANG'ATA. Hakusubiri hata nijibu. Kaniambia sina maadili, kang'ata, kaomba ndimu.

Wakuu, mama mkwe wangu alikuwepo. Kaja kutoka Mafinga kumsaidia binti yake na mtoto mchanga. Siasa za Kanada hazijui, Liberal hawajui, Ottawa haijui. Alichosikia yeye ni kwamba mkwe wake HANA MAADILI, na aliyesema ni mtu mzima aliyevaa tai. Tangu hapo ananiangalia kwa jicho la kuhesabu mahari upya.

Mimi nilijiandikisha kwenye chama, nikathibitisha kitambulisho, nikapiga kura. Nani kampa huyu mizani ya kupima Ukanada wangu? Na kwa nini aipimie na paja langu mkononi?

Nishaurini kabla sijamtumia bili.

---

Shangazi wa Mtandaoni

Maneno yote haya kiini chake kuku. Ungeandika "nadai kuku" tukakuchangia.

Mnyalu_Edmonton

Si kuku! Ni HESHIMA!

Na kuku.

Kipanga_Scarborough

Mheshimiwa kakosea mahali pa kusemea, ila hoja anayo. Tarehe 15 Januari viongozi wa mikoa walikaa na Trudeau kupanga namna ya kumjibu Trump na ushuru wake. Tamko likatoka, mikoa yote ikaafiki, Alberta peke yake ikagoma kusaini, eti mafuta yao yasiguswe. Doug Ford, kiongozi wa Ontario yetu, anatishia hata kuwakatia Wamarekani umeme, nyie mnalinda mapipa. Sasa mtu akiuliza maadili yenu ni ya nchi gani, mnatoa povu?

Mnyalu_Edmonton

Kwani mimi ndiye Danielle Smith, kiongozi wa Alberta? Danielle Smith kaja kwangu kula? Aliyekula ni wa KWENU! Mimi huku ni Liberal, mkuu, unajua mateso ya kuwa Liberal Alberta? Uchaguzi wa 2021 tulipata viti viwili mkoa mzima. Nakutana na Liberal mwenzangu kwa nadra mpaka tunakumbatiana maegeshoni. Halafu mtu anatoka Toronto, ambako Liberal wamejaa hadi kwenye vituo vya basi, anakuja kuniambia mimi nisichague. Akiwa ameshika paja!

Shangazi wa Mtandaoni

Paja limetajwa tena. Naendelea kuhesabu.

Hesabu Haidanganyi

Tuweke rekodi sawa. Kwenye kura hii Liberal hawahesabu vichwa. Kila jimbo la uchaguzi lina pointi 100, majimbo ni 343, jumla pointi 34,300. Jimbo la katikati ya Toronto lenye wanachama kibao lina pointi 100. Jimbo la mashambani Alberta lenye wanachama wachache lina pointi 100 vilevile. Maana yake kura moja ya mtu kama Mnyalu inaweza kuwa nzito kuliko ya Mheshimiwa mara kadhaa. Kwa utaratibu wa chama, Mheshimiwa alitakiwa aombe ruhusa kabla ya kung'ata.

Mnyalu_Edmonton

HII NAICHAPISHA. NAIBANDIKA JIKONI. Mama mkwe namtafsiria sasa hivi.

Mnyalu_Edmonton

Nimemweleza. Kauliza, "Sasa kama kura yako ni nzito, mbona ulinyamaza?" Sina la kujibu wakuu.

Omondi wa Regina

Nyinyi wa Edmonton na Toronto pigananeni tu juu ya kuku. Sisi wa mkoa wa Saskatchewan hata kwa matusi hatutajwi. Jana China imetangaza ushuru wa asilimia 100 kwa mafuta ya kanola na njegere zetu. Na kisa ni nini? Mwaka jana Ottawa ilipiga magari ya umeme ya China asilimia 100, kulinda viwanda vya magari vya Ontario. Ontario inalindwa, bili inaletwa kwa mkulima wa Regina. Halafu tuambiwe maadili ni mamoja. Mamoja ya nani?

Na huku hatusogezi saa. Huyo Mheshimiwa wenu angekosa kisingizio.

Kipanga_Scarborough

Viwanda vya magari vinalisha familia ngapi, unajua?

Omondi wa Regina

Na njegere hulisha nani, viatu?

Papa Goma Montréal

Bandugu, mimi niko Montréal. Munalia juu ya kuku moja? Siye huku Quebec tuko na Sheria ya 21 toka 2019. Mwalimu wa shule ya serikali hawezi vaa kitambaa ya dini ku kichwa. Polisi hapana. Mwendesha mashtaka ya serikali hapana. Mwenye alikuwa kazini mbele wakamuachia, lakini abadilishe tu cheo, basi. Dada ya bibi yangu alisomea ualimu hapa, akamaliza, akahamia Ottawa. Mto tu unatenganisha Ottawa na Quebec, ngambo moja ni mwalimu, ngambo ingine hapana. Ile njo maadili ya Kanada yenye Mheshimiwa anapimia watu? Atuambie ni ya ngambo gani.

Na Carney wenu, Kifaransa yake ilitutoa jasho. Mdahalo wa hapa Montréal ulimi uliteleza akasema wanakubaliana na Hamas, Freeland akamrudisha ku njia haraka haraka. Na bado ameshinda. Siye tungeteleza vile ku mtihani wa lugha, tungerudishwa darasani.

Mzee wa Calgary tangu Zamani

Vijana, hii ya "maadili ya Kanada" haikuanza na paja hilo. Mbio za uongozi wa chama cha Conservative za 2017, Kellie Leitch, mbunge wa Ontario, alitaka kila mhamiaji apimwe maadili ya Kanada kabla ya kuingia. Na mmoja wa waliosimama kumpinga ndani ya mbio hizohizo alikuwa Deepak Obhrai, mbunge wa hapa Calgary, mzaliwa wa Oldeani, Tanganyika. Ndiyo, Oldeani ya Karatu. Kura alipata chini ya asilimia moja, lakini alisimama. Kwa hiyo wazo la kupima watu lilitoka Ontario, na jibu lilitoka Alberta kwa mtoto wa kwetu. Mnyalu, ungemwambia hivyo angemeza na mfupa.

Mnyalu_Edmonton

Mzee ulikuwa wapi saa ile ya ndimu?????

Chai ya Rangi

Kila mtu mnamfanya Mtanzania. Kesho mtasema Carney ana shangazi Singida.

Mzee wa Calgary tangu Zamani

Na Naheed Nenshi je? Wazazi wake walitoka Tanzania, kawa meya wa Calgary, na mwaka jana kashinda uongozi wa chama cha NDP cha Alberta kwa asilimia 86. Andika Singida mwenyewe.

Chai ya Rangi

Sawa mzee, tumekusikia. Kanada ni wilaya ya Karatu.

Hesabu Haidanganyi

Mzee kataja 2017 kasahau utamu wake. Mgombea mmoja, Maxime Bernier, alitaka kufuta mfumo wa Ottawa wa kupanga nani azalishe maziwa kiasi gani. Wafugaji wa Quebec wakajiandikisha kwenye chama ili wamng'oe, na Andrew Scheer akashinda raundi ya 13 kwa 50.95 dhidi ya 49.05. Bernier alishindwa mpaka kwenye jimbo lake mwenyewe la Beauce! Scheer naye akaenda kwenye hafla ya waandishi akanywa maziwa jukwaani. Mfumo huohuo unahusu mayai na kuku. Kwa hiyo hata bei ya kuku wa Mnyalu imepangwa na siasa hizi.

Shangazi wa Mtandaoni

Kumbe ndiyo maana anauma hivi. Kuku wa Kanada ni ghali.

Nesi wa Usiku

Msinichekeshe niko zamu. Kwangu mimi maadili si shida, shida ni makaratasi. Uuguzi una leseni ya kila mkoa. Nilipotaka kuhama mkoa kufuata mume, bodi moja huko ikanidai nyaraka mpaka za shule ya msingi. Damu ya mgonjwa wa Ontario ina rangi nyingine?

Kipanga_Scarborough

Nesi, si leseni tu, hata bia. Gérard Comeau wa New Brunswick alienda kununua bia Quebec mwaka 2012, akakamatwa akirudi. Faini dola 292.50. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na 2018 wakasema sheria ya mkoa wake iliyobana pombe ya kutoka mikoa mingine iko sawa.

Omondi wa Regina

Nchi moja na bia inahitaji viza. Ndio maana nasema.

Papa Goma Montréal

Alikwenda kutafuta bia Quebec juu ni rahisi. Ile maadili ya Quebec haina mwenye anapinga.

Mnyalu_Edmonton

Wakuu, tunarudi kwenye uzi? Paja?

Chai ya Rangi

Ngoja kwanza, hii ni muhimu. Mimi naishi Ottawa na sasa hivi niko Gatineau, upande wa Quebec, dukani, foleni mbele yangu watu wawili. Nina kreti mbili. Nikivuka daraja nakamatwa au sikamatwi?

Nesi wa Usiku

Ni za nani hizo kreti mbili Jumapili usiku?

Chai ya Rangi

Nijibuni kwanza, kabaki mtu mmoja.