Windows 10 ndiyo basi tena: kompyuta za shule na ofisi za umma zihamie Linux?

Mleta mada

Wakuu, tulijadili hili bila ushabiki. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa viraka vya usalama vya kawaida kwa Windows 10. Ukitaka Windows 11 wanakudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, yaani mashine za kuanzia mwishoni mwa 2017. Sasa tuambizane ukweli: maabara za kompyuta za shule zetu zina nini? Mtumba. Zile Dell na HP zilizoshushwa kutoka Dubai na Ulaya, kizazi cha nne, cha sita. Kibodi nzima, skrini nzima, ukiweka SSD na kuongeza RAM inakimbia vizuri tu. Aliyesema imezeeka si fundi wala mwalimu, ni Microsoft, kule Redmond, Marekani.

Kwangu hiyo ndiyo hoja ya programu huria kama Linux, wala si bei. Msimbo ukiwa wazi, waliotengeneza wakichoka wengine wanaruhusiwa kuendelea pale walipoachia. Mashine iliyonunuliwa kwa kodi au kwa michango ya wazazi, kwa nini uhai wake uamuliwe na mtu ambaye hajawahi kuiona?

Fundi kompyuta, Kariakoo

Mkuu, hoja ina mashiko ila umeruka ukweli wa mtaani. Watu wanakuja kwa fundi wanasema "nipigie window", unapiga, unaaktiveti, unaweka na Office, wanalipa hela ya ufundi, basi. Kwa mtu huyo Windows na Linux zote ni bure. Ajifunze upya kwa faida gani? Na hiyo TPM inarukwa: unaandaa flashi kwa programu ya Rufus, unaweka tiki mahali pake, Windows 11 inaingia mpaka kwenye hizo za kizazi cha nne.

Halafu mwekee mwenye steshenari Linux Mint uone. Mashine nyepesi, anafurahi. Anakuja mteja na CV kwenye flashi, imeandikwa kwa Word, fonti Calibri. LibreOffice, ile mbadala huria ya Office, haina Calibri, inaweka fonti nyingine, mistari inarefuka, majina ya wadhamini yanaangukia ukurasa wa tatu peke yao. Mteja anapiga kelele: umeniharibia CV! Dawa ipo, inaitwa Carlito, fonti huria ambayo upana wa herufi zake ni uleule wa Calibri. Lakini nani atamwambia mwenye steshenari? Na mwenye duka anayefunga hesabu zake kwa Tally, ambayo ni ya Windows, unamwambiaje?

Mhasibu wa shule

Nyongeza. Shule hazikuachwa solemba kama mleta mada anavyotaka tuamini. Viraka vya ziada vinauzwa: mashirika ni dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza na bei inakuwa maradufu kila mwaka, lakini shule ni dola 1, kisha 2, kisha 4. Kompyuta arobaini ni dola arobaini. Semina moja tu ya kuwafundisha walimu Linux, posho na nauli, inazidi hapo.

Na Munich mmeisahau? Jiji liliamua kuhamia Linux 2003, kufika 2013 likawa na kompyuta kama 15,000, na 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Wajerumani hao, wenye hela na wataalamu.

Mleta mada

Wajerumani haohao, jimbo la Schleswig-Holstein, 2024 wametangaza kuhamisha kompyuta 30,000 za ofisi zao kwenda LibreOffice. Kwa hiyo mifano ya Ujerumani tuigawane.

Kuhusu dola moja: hiyo ni kwa mwenye leseni halali. Hizo za "nipigie window" hazimo. Nenda kwenye maabara yako kwanza ukague, mhasibu, halafu urudi hapa na jibu. Na baada ya mwaka wa tatu?

Afisa takwimu wa afya, halmashauri

Mnabishana kana kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa kwetu. Namba za vitabu vya MTUHA, zile za zahanati na vituo vya afya, kila mwezi zinaingizwa DHIS2, mfumo wa takwimu za afya. Hiyo ni programu huria. Kazi yake ilianzia Afrika Kusini mwaka 1994, na inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya waliisimika nchi nzima 2011, sisi nasi tunayo. Hakuna aliyelipia leseni, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi miaka mingi ili iendane na fomu zetu.

Lakini haikusimama kwa sababu msimbo uko wazi. Ilisimama kwa sababu kuna watu wanaolipwa kuitunza. Jambo OpenOffice nayo ilikuwa huria: ilitoka hapohapo Mlimani mwaka 2004, kuandika, majedwali, kila kitu kwa Kiswahili. Nani kati yenu anayo kwenye kompyuta yake leo? Upande wa pili kuna GePG, mfumo wa malipo ya serikali ya Tanzania unaotupa kontroli namba. Msimbo wake hauko hadharani, ila waliouandika ni wataalamu wa serikali yenyewe, na hatumwombi mtu wa nje ruhusa ya kuubadilisha.

Na mtumiaji? Mimi hapa halmashauri siwezi kuongeza hata kisanduku kimoja kwenye fomu ya DHIS2. Hilo ni la wizarani. Programu ni huria kwa wizara. Kwangu ni kama nyingine yoyote.

Bodaboda, Mombasa

Nyinyi mwazungumza kompyuta, mie nina simu. Ni Android, na naambiwa msingi wa Android ni Linux hiyohiyo mnayoisifu. Nimeichukua kwa mkopo, nalipa kila siku. Mvua ikinyesha siku mbili hakuna abiria, sijalipa, skrini yafungwa: yabaki ujumbe wa kulipa na namba za dharura. Na kazi zaingia kwa simu hiyohiyo, sasa nitalipa kwa nini? Fundi alijaribu kuifuta yote iwe mpya, ikawaka, ikaingia intaneti, ikajifunga tena. Huo msimbo wazi wanisaidia nini?

Fundi kompyuta, Kariakoo

Hapo umetugusa wote. Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la pili, la 1991. Inakupa haki ya kupata msimbo na kuubadilisha. Haikupi haki ya kuurudisha msimbo uliobadilisha kwenye kifaa chako kama aliyekitengeneza amekipiga kufuli. Toleo la tatu la 2007 lilijaribu kuziba tundu hilo, Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, akakataa kuihamishia huko, na hajabadilika.

Mhasibu wa shule

Bila hilo kufuli nani angemkopesha? Benki ingemtaka hati ya nyumba. Hapo kufuli ndilo lililompa simu.

Mleta mada

Kufuli la deni nalielewa. Nisilolielewa ni kufuli linalozima chombo cha kazi ili mtu alipe deni kwa kazi hiyohiyo. Wazime kamera, wazime video, waache kupiga na kupokea simu na hela. Kiufundi hilo linawezekana leo, wameamua tu kutolifanya.

Bodaboda, Mombasa

Mie sitaki msimbo, sitausoma. Nataka siku ya rejesho la mwisho ile programu yao iondoke yote kwenye simu, na nipewe risiti ya kusema hivyo. Katika leseni zenu hizo, ni ipi inipayo hilo?

Fundi kompyuta, Kariakoo

Hakuna, ndugu yangu. Hilo liko kwenye mkataba uliosaini siku unachukua simu. Unao?