Tupeane uzoefu: fungu la mchanga uliloliona likihama

Wakuu, kwenye ramani fungu na wangwa (maji yaliyofungiwa nyuma ya fungu) vinaonekana vimetulia. Leteni mliyoyaona wenyewe, si ya kusimuliwa.

Naanza. Fungu la pale ninapoogelea hujitokeza baada ya dhoruba. Mawimbi makubwa hukokota mchanga wa ufuo na kuumwaga nje kidogo. Bahari ikitulia, mawimbi madogo huurudisha polepole mpaka fungu lishikane na nchi kavu. Penye pengo ndipo maji yanapotokea kwa kasi kurudi baharini. Ajabu, hapo ndipo panapoonekana shwari, hapana povu, na wageni hupakimbilia.

Upondo: Sisi wa vyombo kilio chetu ni mlango wa wangwa, pale maji yake yanapokutana na bahari. Mawimbi yanakuja mshazari, mchanga unatembea kando ya ufuo, ncha ya fungu inarefuka na mlango unasukumwa mbele. Juzi chombo kimoja kilifuata alama za zamani, kikapwelewa, kikalala ubavu hadi maji yalipojaa.

Maji_Mafu: Wetu haukuhama, ulizibika kabisa. Mto ulipungua nguvu ya kusukuma mchanga. Maji ya ndani yakapanda, yakageuka kijani na kunuka. Mvua kubwa ziliponyesha yakapasua fungu yenyewe usiku mmoja. Kwa nini watu hawachimbi tu mapema?

Upondo: @Maji_Mafu, uliza Saint-Louis, Senegal. Mwaka 2003 mto ulifurika, wakakata mfereji wa upana wa mita 4 hivi kwenye ukanda wa mchanga wa Langue de Barbarie. Mji ulipona mafuriko, lakini mfereji ukajipanua hadi kufikia kilomita kadhaa, na kijiji cha Doun Baba Dieye kikaliwa na maji.

Bamvu: Ila tusiseme kuchimba ni kosa siku zote. Wangwa wa Chilika, India, ulifunguliwa mlango mpya mwaka 2000. Chumvi ikarudi, samaki wakaongezeka. Kila mlango na tabia yake.

Bamvu: Mimi nililoliona ni jingine. Upande wa bahari, maji yakipwa, hutokeza tope jeusi lenye mizizi na makombe ya chaza wa wangwani. Chaza hao hawaishi kwenye mawimbi. Maana yake wangwa ulikuwa pale pale. Dhoruba zimelirusha fungu zima juu yake, likaelekea bara.

Maji_Mafu: Tope la hivyo hata kwetu lipo! Kumbe.