Mhakiki wa makala ataje jina lake au aendelee kujificha?

MwalimuWaTororo: Ndugu zangu, tujadili bila matusi. Unapeleka makala kwenye jarida, mhariri anawapa wahakiki wawili usiowajua, wanakaa nayo miezi saba, kisha unarudishiwa maneno ya kukukata maini. Yangu ilihusu Kiswahili cha stendi ya Busia. Wa kwanza alisema sawa, rekebisha majedwali. Wa pili: "Kiswahili cha mwandishi ni cha kambini." Ikakataliwa. Na bila makala hiyo uhadhiri mwandamizi nausikia redioni tu. Je, angeandika hivyo kama jina lake lingekuwa pale chini?

DadaChaki: Asingeandika. Pengine hata kuisoma asingekubali. Nani atamwambia mkuu wa idara amekosea, kwa jina lake, na kesho mkuu huyo huyo yumo kwenye kamati ya kumpandisha cheo? Jina linafichwa kwa ajili ya wadogo. Halafu tunafanya bure. Mwaka huu nimehakiki mbili, hata rolex, chapati ya mayai, sijanunuliwa.

MzeeKaratasi: Kufichwa kupi, binti yangu? Wanafuta na jina la mwandishi, lakini sisi tunaoandika juu ya Kiswahili cha Uganda tunaenea kwenye taxi moja na viti vinabaki. Mistari miwili tu namjua mtu. Hata Einstein aliwakasirikia wa jarida la fizikia, Physical Review, mwaka 1936, walipompa mtu makala yake aipitie bila kumwuliza. Akaiondoa.

DadaChaki: Mzee, hadithi umeikata katikati. Yule mhakiki alikuwa ameona kosa la kweli. Einstein alipoichapisha kwingine, hitimisho lilikuwa limegeuka.

BomboHalisi: Mimi nimekwama kwenye "cha kambini". Nimezaliwa Bombo, mji wa kambi ya jeshi, baba yangu askari, Kiswahili nimekinyonya pamoja na Kinubi. Huyo bwana ana maana tulifundishwa na Amin? KAR, askari wa jeshi la mkoloni Mwingereza, walikuwa wakikizungumza Amin hajazaliwa!

Kijana_wa_Wandegeya: Punguza moto kaka. Wazee wa Kampala wanakumbuka waliamrishwa kwa lugha gani kwenye vizuizi. Kumbukumbu haifutwi kwa hasira. Isitoshe tangu 2022 ni lugha rasmi, mnalia nini?

BomboHalisi: 2022 ni Baraza la Mawaziri. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Soma kwanza ndipo unipunguze moto.

Kijana_wa_Wandegeya: Haya, 2005. Miaka yote hiyo na bado kwetu ukiuliza bei ya nyanya kwa Kiswahili unapandishiwa.

BomboHalisi: Unapandishiwa kwa sababu ya matamshi yako.

DadaChaki: 😂 Mwalimu, mhakiki alitoa mfano?

MwalimuWaTororo: Ukurasa wa 4. Dereva anasema, "Gari yangu imekufa kwa njia." Yeye kapiga mstari mwekundu, juu yake kaandika, "Gari langu limeharibika njiani." Amemsahihisha dereva! Yaani data yangu imepewa alama.

MzeeKaratasi: Na kwenye sehemu ya mbinu ulisema umenukuu walivyotamka?

MwalimuWaTororo: Mzee wangu, nani asiyejua dereva wa Busia anavyosema?

MzeeKaratasi: Aliyekaa Unguja hajui. Alama za kunukuu uliweka?

MwalimuWaTororo: Nililaza maandishi. Nadhani walipobadilisha faili yakasimama.

MzeeKaratasi: Basi nusu ya kosa ni yako.

MwalimuWaTororo: Nusu! Miezi saba, na nusu yangu?

Kijana_wa_Wandegeya: Lakini "gari langu" ndiyo sahihi. Hata mtihani ungekukata.

BomboHalisi: Sahihi kwa nani? Gari ni la dereva, wewe una baiskeli?

DadaChaki: Kijana, hakuna aliyeuliza sarufi. Kazi ya mhakiki ilikuwa kupima kama hoja inasimama juu ya data. Huyu hakufika kwenye hoja, aliishia kwenye gari. Mhariri naye angeliona hilo, ana wahakiki wawili wanaopingana, alipaswa kumtafuta wa tatu.

MzeeKaratasi: Mwandikie mhariri, Mwalimu. Barua fupi, ukurasa wa 4 peke yake, na uombe msomaji wa tatu. Hilo la kambi usiliguse.

BomboHalisi: Aliguse! Akiliacha nitaandika mimi.

MwalimuWaTororo: Na swali langu la jina?

Kijana_wa_Wandegeya: Baiskeli ninayo. Na ni yangu, si langu.