Manukato yenye harufu ya chai kwa majira ya joto

Ndugu zangu, salaam.

Joto limeanza huku tuliko, na manukato mazito niliyoyazoea wakati wa baridi sasa yananielemea mimi mwenyewe kabla hayajawaelemea wenzangu ndani ya treni na katika ofisi ambayo madirisha yake hayafunguki. Nimesikia kwamba yako manukato yenye harufu ya chai yanayofaa zaidi kwa hali kama hii, lakini dukani nilinusishwa vikaratasi vitano vilivyopuliziwa manukato na hakuna hata kimoja kilichonikumbusha chai. Je, ninakosea wapi, na nichague vipi bila ya kupoteza fedha?

*

Dada yetu,

Pua yako haina kosa. Manukato mengi yanayoitwa ya chai hayakutengenezwa kwa chai. Dondoo ya majani ya chai ipo, lakini ni ghali, na harufu yake inakaribia nyasi kavu na tumbaku kuliko mvuke unaopanda kutoka kikombeni. Kwa hiyo watunzi wa manukato huijenga harufu ya chai kwa kuunganisha vitu vingine ambavyo, kimoja kimoja, havina uhusiano wowote na chai. Aliyeifungua njia hiyo ni Mfaransa Jean-Claude Ellena, alipoitungia kampuni ya Bvlgari manukato ya Eau Parfumée au Thé Vert (Thé Vert kwa Kifaransa ni chai ya kijani) mwaka 1992. Alichukua ayononi, kemikali yenye harufu ya maua ya vayoleti, akaichanganya na Hedione, kemikali nyingine yenye harufu ya yasmini iliyo nyepesi mno na ambayo ilikwisha kupata sifa tangu Edmond Roudnitska alipoitumia katika Eau Sauvage ya Dior mwaka 1966. Viwili hivyo vikikutana, pua husema "chai", hasa vikitanguliwa na bergamoti, tunda la jamii ya ndimu ambalo mafuta ya ganda lake ndiyo yanayotiwa katika chai ya Earl Grey.

Kwa sababu hiyo ningekushauri usitafute chai, bali utafute ukakasi. Ngozi yenye joto huharakisha uvukizi, na vitu vitamu kama vanila, ambavyo wakati wa baridi hutoka kidogo kidogo, wakati wa joto hupanda kwa wingi na kuganda puani kama shira. Manukato ya chai yaliyotungwa vizuri yana ukavu fulani, ule ule unaoufanya ulimi ukakamae baada ya kunywa chai iliyokolea bila ya sukari, na ukavu huo ndio unaompa mtu hisia ya ubaridi hata kama kipimajoto hakijashuka. Kikaratasi kikianza kwa harufu ya majani mabichi na baada ya nusu saa kikageuka peremende, kiache, hata kama jina la chai limeandikwa kwa herufi kubwa.

Sasa nitaje machache ninayoyafahamu. Thé Vert niliyoitaja bado ndiyo kipimo changu, kwa kuwa ni kavu, safi na haina makelele. Green Tea ya Elizabeth Arden, iliyotungwa na Francis Kurkdjian na kutolewa mwaka 1999, ina limau na uchangamfu zaidi, lakini haidumu. Mimi huiona kama maji ya kujiburudisha baada ya kuoga, na kwa kazi hiyo sijaona inayoishinda. Bvlgari walitoa pia Thé Blanc, yaani chai nyeupe, mwaka 2003, kazi ya Jacques Cavallier, ambayo ni laini na ina miski nyingi, na inafaa sana kwa ofisi yenye watu wengi. Thé Noir 29 ya Le Labo, ya mwaka 2015, ina majani ya mtini, mwerezi na tumbaku, na ni ya jioni zaidi kuliko ya adhuhuri. Ama Tea for Two ya L'Artisan Parfumeur, ambayo Olivia Giacobetti aliitunga kwa kufuata chai iliyofukizwa moshi, ninaipenda kwa moyo wote, lakini moshi, viungo na asali ndani ya treni iliyojaa watu wakati wa joto ni mateso kwa jirani. Iache ingoje baridi.

Jambo moja huwapotosha wengi, nami lilinipotosha kwa miaka. Ayononi huichosha pua upesi, ikapotea na baadaye ikarudi, kwa hiyo mwenye kujipaka hudhani manukato yameisha na kujipulizia tena, ilhali aliyekaa karibu naye anayasikia vizuri sana. Kabla ya kulalamika kwamba hayadumu, muulize mwenzako baada ya saa mbili.

*

Kaka, nashukuru kwa maelezo hayo, ila ninayo nyongeza na pingamizi dogo.

Nyongeza yangu inahusu jua. Mafuta ya bergamoti katika hali yake ya asili yana bergapteni, kitu kinachoifanya ngozi iungue na kubaki na mabaka meusi inapopigwa na jua. Siku hizi watengenezaji wengi hutumia mafuta yaliyoondolewa bergapteni au huweka kiasi kidogo sana, lakini anayejichanganyia mwenyewe nyumbani kwa mafuta ya kununua hana kinga hiyo, na shingo ndiyo inayolipa. Vilevile limoneni na linalooli, kemikali za harufu ambazo zimo kwa wingi katika manukato ya namna hii, zikikaa na hewa kwa muda mrefu hubadilika na kuwa vitu vinavyoweza kuleta mzio. Katika Umoja wa Ulaya majina hayo hulazimika kuandikwa kwenye lebo yanapozidi kiwango kilichowekwa, kwa hiyo mwenye ngozi nyepesi kudhurika asome boksi kabla ya kulipa. Chupa na ikae kabatini, mbali na dirisha, wala isisahauliwe ndani ya gari wakati wa joto.

Pingamizi langu ni hili: umezungumza kuhusu ngozi peke yake, ilhali wakati wa joto mimi hupulizia nguo kuliko ngozi. Pamba haitoi jasho wala haina joto la mwili, hivyo harufu ya mwanzo, ambayo kwa manukato ya chai ndiyo bora kuliko zote, hubaki muda mrefu zaidi. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, kwa sababu baadhi ya manukato yana rangi inayotia madoa, na hariri usiiguse kabisa.

Kuhusu maneno ya kwenye chupa, Eau de Cologne kwa kawaida huwa na mafuta ya manukato asilimia 2 hadi 5, Eau de Toilette asilimia 5 hadi 15, na Eau de Parfum asilimia 15 hadi 20. Kwa joto mbili za kwanza zinatosha. Anayesafiri kwa ndege akumbuke kwamba katika viwanja vingi chombo cha kimiminika ndani ya mkoba wa mkononi hakiruhusiwi kuzidi mililita 100, na kinachopimwa ni ukubwa wa chombo, si kiasi kilichobaki ndani yake.

*

Ndugu zangu, ahsanteni nyote wawili.

Jumamosi nilirudi dukani nikanusa tena, safari hii mkono mmoja Thé Vert na mkono wa pili Thé Blanc, kisha nikatoka nje na kutembea juani kwa saa mbili kabla ya kuamua. Ile ya kijani ilikuwa nzuri mno kwenye karatasi, lakini kwenye ngozi yangu ukakasi uligeuka kuwa uchachu wa ndimu iliyokaa, nami nikaamini kwamba kipimo cha kaka yetu ni kipimo cha ngozi yake. Nimechukua ile nyeupe, chupa ndogo, na nimeanza kuipulizia kwenye kola kama nilivyoshauriwa. Nilipewa pia sampuli ya ile ya kijani ambayo sitaitumia. Anayeihitaji aniandikie tukutane nimkabidhi mkononi, kwa kuwa manukato huhesabiwa kuwa kimiminika kinachoshika moto, na sitaki kubishana na watu wa posta kwa ajili ya mililita mbili.