Bonasi ya "ajali sifuri" imewafunga watu midomo?

Msimamizi wa usiku: Wakuu, tangu menejimenti itangaze bonasi kwa kila mwezi usio na ajali, daftari la matukio hapa ghalani ni jeupe. Lakini nguzo za raki (rafu kubwa za mizigo) zina mbonyeo mpya, na paleti (majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo) zinavunjika bila mwenyewe. Nahimiza watu watoe taarifa, wananiitikia tu. Nifanyeje?

Dereva wa forklifti: Mkuu, nani anataka wenzake wakose hela kwa sababu yake? Bonasi hiyo inanunua ukimya. Kazini kwetu nililalamika kwamba kona ya kupakilia haionekani. Kesho yake wakaweka kioo cha kuonea kona, baadaye wakachora njia ya waenda kwa miguu. Hapo ndipo watu walianza kuandika, hata mambo madogo ya kuponea chupuchupu. Kama mnalipa, lipeni kwa hatari zilizoripotiwa na kurekebishwa.

Fundi raki: Nguzo hizo zisingoje kikao! Nguzo hubeba uzito ikiwa imenyooka. Shusha mzigo, zuia eneo, mwite mkaguzi.

Dereva wa forklifti: Halafu angalia mnawapima madereva kwa kigezo gani. Ukihesabu paleti kwa saa peke yake, mtu atakimbia huku uma wa kunyanyulia mzigo uko juu, na forklifti yenye mzigo juu hupinduka kirahisi kwenye kona. Mabango ya "Usalama Kwanza" hayamzuii.

Msimamizi wa usiku: Nguzo mbili nimezifungia leo. Kuhusu bonasi, naandika barua kwa meneja; najua atanuna.