Naomba ushauri: magofu ya Uganda, nianzie Kasese, Busoga au kaskazini?

MpigaPicha wa Tororo
Habari zenu ndugu. Napenda sana kupiga picha majengo yaliyotelekezwa: stesheni za reli, viwanda vilivyokufa, majumba yasiyo na paa. Desemba nina likizo, na pesa yangu inatosha upande mmoja tu wa nchi. Huku mashariki, ukisimama mbele ya nyumba inayoonekana tupu, hazipiti dakika nyingi kabla mtu hajatokea kuuliza umetumwa na nani. Rafiki yangu aliyekwenda Kasese anasema huko wenyeji walimwonyesha njia wenyewe. Ni bahati yake tu, au kweli mikoa inatofautiana? Nasafiri na mdogo wangu wa kike, kwa hiyo usalama ndio jambo la kwanza.

Binti wa Jinja
Karibu kaka. Inatofautiana, na sababu ni jinsi majengo yalivyobaki matupu. Huku kwetu Jinja, na Mbale pia, nyumba nyingi za zamani zilijengwa na Wahindi. Amin aliwapa siku 90 waondoke mwaka 1972, mali zikaingia mikononi mwa serikali, na miaka ya 1990 wengi wakarudishiwa. Nyingine zina kesi mpaka leo. Kwa hiyo ukimwona mgeni na kamera anapima ukuta kwa macho, unadhani ni dalali au wakili. Yule anayekuuliza umetumwa na nani anaogopa kufukuzwa kwenye chumba anachoishi. Piga picha za mbele ukiwa barabarani, ndani usiingie bila mwenye nyumba.

Kijana wa Boda
Mimi nasema ingia alfajiri kabla mlinzi hajaamka, piga picha, ondoka. Ukianza kuomba ruhusa hutamaliza.

Mtoto wa Mchimbaji
Hapana, ndugu yangu, usimpe mtu ushauri huo, hasa anayekuja kwetu na dada yake.

Nimekulia Kilembe, kwenye mgodi wa shaba karibu na Kasese. Shaba ilianza kusafirishwa kutoka kwetu mwaka 1956, reli ya Kampala ilipofika Kasese, ikawa inayeyushwa Jinja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ukasimama. Nyumba za wafanyakazi, mitambo, njia za vitoroli, vyote vikabaki bondeni, na watu wakaendelea kuishi humo humo. Ndiyo maana rafiki yako alipokelewa vizuri: mgodi ni historia ya familia zetu, tunapenda kuusimulia.

Lakini kupokelewa vizuri kusikufanye ujiachie. Mahandaki yana maji, mawe yanayoachia, na sehemu ambazo hewa haitoshi. Hata tochi kali haikuambii kama hewa ni nzuri. Usiingie hata hatua kumi bila mtu wa mgodi. Ulizeni kwanza ofisi ya mgodi, kwa sababu utaratibu hubadilika kila anapokuja mwekezaji mpya. Na mto Nyamwamba si wa kuchezea. Mei 2013 ulishuka na mawe makubwa kutoka Rwenzori, ukabomoa nyumba, hospitali ikaharibika. Mwaka 2020 ukarudia. Mvua ikinyesha mlimani, ondokeni kando ya mto hata kama chini kuna jua.

Mkishamaliza Kilembe, shukeni Katwe, penye ziwa la chumvi. Juu ya ziwa kuna kiwanda cha chumvi kilichojengwa na Wajerumani. Maji ya ziwa yakala mabomba na mitambo, kiwanda kikafa mapema. Chini yake wanawake na wanaume bado wanavuna chumvi kwa mikono, kwenye vijaruba vyao. Kwa mpiga picha sijui mahali palipo bora zaidi Uganda nzima. Waombe ruhusa kabla ya kuwapiga picha, wamechoka kupigwa picha kama wanyama wa mbugani.

Mkazi wa Gulu
Kaskazini msiende kwa kubahatisha. Patiko ni rahisi: ni ngome ya mawe ya Mwingereza Samuel Baker ya mwaka 1872, ambayo kabla yake ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa watumwa. Ina mtunzaji, unalipa kiingilio, unaelezwa vizuri. Magofu ya loji ya Amin kule Pakuba, ndani ya mbuga ya Murchison, ni jambo jingine kabisa. Simba na chui hujificha humo. Hayo yanatazamwa ukiwa ndani ya gari, pamoja na askari wa wanyamapori.

Naomba pia jambo moja kwa moyo wote. Wakati wa vita vya waasi wa LRA watu takribani milioni 1.8 huku kaskazini waliishi kambini. Mahali palipokuwa na kambi sasa utaona nyasi na misingi ya vibanda, na pengine makaburi. Msiende kutafuta picha pale. Mkialikwa na mwenyeji, kaeni, msikilize, kamera ibaki mfukoni.

Mwana wa Mengo
Kampala ni fupi: Lubiri, yaani jumba la Kabaka, lenye handaki la mateso la Amin, unalipa na kiongozi anakupeleka. Kiwanja cha ndege cha zamani cha Entebbe, kile ambacho makomando wa Israeli walikivamia Julai 1976 kuokoa mateka, kina jeshi. Usinyanyue kamera hapo bila kibali.

MpigaPicha wa Tororo
Asanteni sana. Kasese nimeipenda, ila ni mbali na nauli ya watu wawili imenishtua. Kuna chochote cha reli karibu na huku?

Binti wa Jinja
Nenda Namasagali, kaka. Reli ya Busoga ilifika hapo kutoka Jinja mwaka 1912. Mizigo ilipandishwa meli, ikavuka Kyoga hadi Masindi Port, ikaenda kwa barabara mpaka Butiaba, kisha meli tena Ziwa Albert. Maji yalipopanda miaka ya 1960, njia hiyo ikafa. Baadhi ya majengo yakawa shule, kwa hiyo pitia kwa mwalimu mkuu kwanza, halafu mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mwambie jina lako na unatoka wapi kabla hajauliza. Panda taksi Jinja hadi Kamuli, kutoka hapo mchukue boda. Mkubaliane bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, kwa sababu jioni boda za kurudi ni chache.